Bei ya Mguu wa Dena

Mumbua alipofungua bandeji, harufu ilimfikia kabla macho hayajaona. Wiki iliyopita kidonda kilikuwa chekundu na safi, nyama mpya ikipanda. Leo kingo zilikuwa nyeupe, na katikati kumejaa usaha.

"Dena, umekitia nini?"

Dena akageuza uso dirishani. Alikuwa kibarua wa mashamba ya chumvi ya Marereni hadi siku trekta liliporudi kinyumenyume likamponda mguu. Daktari wa Malindi aliuunga mfupa, kisha daktari huyo akahamishiwa bara. Mguu ukabaki mikononi mwa Mumbua, nesi wa Kikamba ambaye serikali ilimleta pwani mwaka wa themanini na mbili ikamsahau huko. Alimsafisha, akamgombeza, akamfundisha upya kukunja goti huku Dena akimtukana kwa Kigiriama. Mshahara wake ulikuwa uleule, mguu upone au uoze. Wahenga walisema tenda wema wende zako. Hawakusema huko uendako utakula nini.

"Maji ya chumvi," Dena akasema mwishowe. "Ya bwawani. Nautumbukiza kila asubuhi."

"Una wazimu?"

"Mwenye wazimu ni wewe, Sista, waniponya kabla ya kesi ya fidia! Wakili kaniambia korti hulipa kilichopotea. Mguu mzima haulipwi. Nina watoto miye. Ukishaniponya, utawalisha wewe?"

Hasira ilimpanda Mumbua. Alikiosha kidonda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Dena akapiga kelele. Mguu huu ukichovywa hivyo hadi mwisho wa mwezi, utakatwa. Na kesi ilikuwa keshokutwa, shahidi wa mguu akiwa yeye mwenyewe.

Siku ya kesi alimvamia wakili Salmin kwenye baraza ya korti ya Malindi, akamweleza yote bila hata salamu. Salmin alishtuka kweli, tumpe haki yake.

"Wallahi, dada yangu, sikumwambia auharibu. Nilimfahamisha sheria ilivyo, basi."

"Na wewe je? Mguu ukiwa mbaya si unalipwa vizuri?"

"Akipata, napata." Salmin akashusha sauti. "Sikiliza. Mtu humlipa yule anayempigania asidhulumiwe, kwa kuwa hasara aiona kwa macho. Aliyepona huona afya ni yake tangu zamani, hakumbuki kuwa alipewa. Ndiyo sababu mimi nina gari, nawe wangojea lori la chumvi likubebe. Sikupanga mimi. Humo ndani jibu utakaloulizwa, usizidishe."

Ndani kulikuwa na joto la kuchemsha yai. Dena aliketi mguu kaunyoosha mbele watu wauone. Kando yake alikuwa mkewe, Kadii, na mtoto mgongoni.

"Muuguzi," hakimu akauliza, "mguu huu utapona?"

Mumbua akautazama ule mguu. Akisema hapana, Dena atapata pesa za kununua shamba, naye, asije akadaiwa pesa hizo, atauchovya mguu bwawani hadi msumeno wa daktari umalizie. Akisema ndiyo, watoto wale watalala njaa. Kadii alikuwa akimtazama bila kupepesa. Mumbua alitamani ardhi impasukie.

"Utapona, mheshimiwa. Atatembea."

Habari ya maji ya chumvi hakuulizwa, hakuisema. Salmin alibisha, akanukuu vifungu, jasho likamtiririka kwenye kola, akaambulia fidia ndogo ya kununua mabati na magunia machache ya unga.

"Umetunyang'anya, Sista!" Kadii alimlilia nje. "Mungu anakuona!"

Tangu hapo mguu mbovu haukuwa na faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo Dena akauacha upone. Alikuja zahanati, akaunyoosha, akafungwa, akaondoka. Shukrani haikumtoka, hata salamu.

Jumamosi moja baada ya masika, Mumbua alimwona kutoka mlangoni. Mikongojo hakuwa nayo, na alikuwa akimvuta mbuzi kwa kamba. Moyo ulimruka. Akajifuta mikono, akatengeneza kofia yake ya unesi, akasubiri huku akijizuia kutabasamu.

Dena akalipita lango bila kuingia.

"Wampeleka wapi mbuzi?" mama mmoja aliyekuwa foleni akamwuliza.

"Malindi, kwa wakili. Alinipigania sana yule."

Akashika njia ya kwenda barabara kuu. Mumbua alisimama palepale akiutazama ule mguu ukikanyaga mchanga. Haukuchechemea hata kidogo.