Wakungoje au Wazike?

Siku ya kwanza kazini Matroni hakuniuliza cheti, na ni vizuri, kwa sababu sikuwa nacho. Alinipa kisu na rundo la sukuma, akasimama mlangoni kunitazama. "Unakata nyembamba," akasema. "Hapa kata nene. Hawa wanaenda mahali hakuna wa kuwakatia mboga kama uzi." Ndivyo nilivyoingia jikoni kwa hosteli ya kanisa hapa mtaani Jericho, nikatoka na mvi.

Hosteli ilikuwa ya watu wanaojiandaa kwenda misheni ng'ambo: wauguzi, walimu, mafundi. Walikaa kwetu wakifundishwa lugha na desturi za kule, kisha wakaenda kwa miaka. Darasani kulikuwa na walimu wa digrii. Jikoni kulikuwa na Matroni. Kila mtu alikuwa na zamu ya kupika, hata daktari, na kila mtu alifua kwa mkono. Siku nyingine alitoa chakula bila chumvi makusudi, na aliyenung'unika aliosha sufuria zote. Nanyi mnaofunga mabegi sasa, anzeni nyumbani. Kama huwezi kula githeri baridi ya mama yako bila kukunja uso, mpishi wa ugenini atakusoma kabla hujajua kumwambia asante.

Lakini kazi nzito ilikuwa Jumapili ya mwisho. Familia ziliitwa kula. Watu wakishashiba, Matroni anafunga mlango, anauliza kila anayeondoka mbele ya watu wake: "Mzazi wako akifa ukiwa huko, wakungoje au wazike?" Chai haimiminwi mpaka wajibu.

Mara ya kwanza kusikia hayo karibu niangushe birika. Kwetu Bungoma kifo hakitajwi juu ya chakula. Mchungaji Msimamizi, mkubwa wetu sote, alimfuata jikoni.

"Matroni, unawaapiza watu. Hawa wanaenda kwa kazi ya Mungu."

"Wanaenda wakiwa na mama, Mchungaji. Umesahau yule mwalimu? Mama yake alilala mochari wiki kwa wiki, huku wengine wanasema angojwe, wengine wanasema azikwe, na yeye kule hapati ruhusa ya kusafiri. Aliporudi hakuna ndugu aliyempa mkono. Na wote walimpenda huyo mama. Hawakuwa wameulizana tu."

Mchungaji akaomba chai, na swali likabaki.

Matroni alipostaafu aliniachia funguo za stoo na hilo swali. Nimewauliza hata watoto wa watu wakubwa, na mara nyingine mzazi alijibu mwenyewe. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli alisema, "Wanizike, lakini kiti cha mtoto wangu kikae mbele, kitupu, mtu asikikalie." Mama mmoja akanijibu, "Mimi wanisubiri. Huyu ndiye peke yake anajua kuimba." Tulicheka, lakini wakawa wameshajua.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Tena kwa binti yangu. Mjukuu wangu Nafula ni muuguzi, na mwezi ujao anaenda misheni miaka minne. Hakuna muuza nyanya hapa ambaye sijamwambia. Jumapili iliyopita tulikula pamoja. Baada ya kula nikainuka, nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Swali nimelibeba miaka yote, na siku hiyo halikutoka.

Nafula akaenda akafunga mlango mwenyewe.

"Shosh, kaa. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Wacha hiyo. Unajua."

Nikakaa. Nikamwambia, "Haya, mimi nikifa?"

"Waningoje," akasema haraka. "Wewe ndio ulinilea. Nataka nikuzike mimi."

"Na kama hawakuachilii?"

Nafula akamgeukia mama yake, aliyekuwa amefunika uso kwa leso.

"Basi nisikie," nikasema. "Wanizike siku yangu. Usiache wagonjwa wa watu uje kutazama sanduku. Lakini udongo wako usitupwe na mtu. Siku utakaporudi, hata kama nyasi zimeota, utaenda Bungoma kabla hujafungua begi, uutupe mwenyewe kaburini. Na mtu asikuulize kwa nini ulichelewa. Mama yako amesikia."

"Nimesikia," binti yangu akasema.

Nafula alinishika mkono, mkono wangu ukiwa bado na maji ya vikombe. Kisha akafungua mlango, akamimina chai.