Betri ya Kamyoneti, Mgeni wa Jeshi

Wakati wa vita, pale Butembo, gari bovu lilikuwa na faida moja: lilibaki kwako. Gari zima lilipandwa na askari watano, likashuka Beni "kwa siku mbili", na hukuliona tena. Kamyoneti yangu ilikuwa inabeba viazi vya Masereka na kulisha nyumba yetu yote. Basi niliiingiza depo, ghala langu la nyuma ya nyumba, nikaipandisha juu ya magogo bila magurudumu, nikapanga mbao mbele yake mpaka juu kabisa.

Lakini betri haikubali kufichwa. Ukiisahau ndani ya gari, inajinyonya yenyewe. Jirani yangu alisahau ya kwake. Siku hizi anaikalia akinywa chai. Mimi niliitoa, nikapaka grisi vichwa vyake, nikaiweka juu ya ubao karibu na jiko la bibi yangu, mama wa watoto wangu. Nilichunguza maji katika vyumba vyake sita, nikachunguza tena.

Shida ilikuwa kuchaji. Umeme hakuna, na mazout, yaani dizeli, yote ilikuwa ya askari. Nikawaendea askari wenyewe. Kituo chao kilikuwa na jenereta, lakini betri ya foni, ile redio ya kuongea na Beni, ilikuwa imekufa.

"Chef, niko na batri ya televizio," nilimwambia sajini, fundi wao, nikaficha habari ya gari. "Mutumie wiki mbili, munirudishie yenye kujaa. Na miye nitumie wiki mbili."

"Bei?"

"Bure."

Aliniangalia kuanzia viatu. "Papa, mufanyabiashara wa Butembo anapeana bure?"

Niliona kosa langu, nikadai sabuni mbili kila mwezi. Alinipa moja, na roho yake ikatulia.

Hivyo jeshi lililotafuta magari likatunza betri ya gari langu karibu mwaka mzima, kwa mazout yake. Bibi yangu alicheka, maana televizio hatukuwa nayo: "Siku watataka kuona televizio, utabaonyesha dirisha."

Hawakuitaka. Asubuhi moja milio ya bunduki ilitoka upande wa Lubero, na sajini akaja kwangu na shati la raia, betri begani, kidumu cha mazout mkononi.

"Papa, televizio yako inakunywa litre ngapi mpaka Beni?"

Macho yangu yalikimbilia mbao za depo, na yeye akayafuata.

"Iko na alama ya chuma cha kuifungia ndani ya gari. Niliona tangu siku ya kwanza. Ondoa mbao. Unipeleke, kisha unabaki na gari yako."

"Na kama ninakatala?"

"Benzangu banakuja. Bale habajue kubishana bei."

Tuliondoa mbao, tukafunga magurudumu, tukarudisha betri. Injini ilishika mara ya kwanza. Bibi yangu akafanya alama ya msalaba. Mimi, kusema kweli, nilivutiwa na kazi ya jeshi.

Kila barrière, kizuizi cha askari njiani, sajini alitoa kadi yake ya jeshi: "Hii gari tumeisha kuichukua." Wakafungua. Kila mara nilijiuliza kama alikuwa anawadanganya wao au mimi.

Kufika Beni, alichomoa ufunguo, akaupima mkononi, akaurudisha mahali pake. Pumzi ilinirudia, na pamoja nayo ulimi. Nikamdai nauli.

Alitoa nusu.

"Na nusu ingine?"

"Ile ni mazout ya kuchaji, papa. Mwaka muzima."

Nikawasha gari kwanza, kisha tukaendelea kubishana: yeye anakimbia vita, mimi mguu uko juu ya akselereta. Mwishoni aliongeza noti moja, iliyochanika, akapotea sokoni.