Sehemu ya Tano ya Mukimo

Juzi nilienda mtaa ya Majimbo kuona binti yangu, nikamkuta analia mpaka kikombe ya chai imejaa tena. Nikafikiri bwana amemwacha. Kumbe ni katuni ya Wajapani kwa simu. Watoto marafiki, mmoja akakufa, wengine wakakua na hiyo uchungu kifuani. Nikamcheka. Halafu nikakaa kuiona kidogo, tukawa wawili wa kulia, mimi na ndevu zangu zote. Wacha nikuambie, hiyo katuni mimi niliishi ndani yake, huko Kianjai.

Tulikuwa watoto watano. Kila jioni tulikuwa tunakula kwa mama ya mmoja wetu, jirani, kwa vile mukimo yake ya ndizi ilikuwa laini, hata mzee hana jino angeimeza akiwa amelala. Alikuwa anaponda mpaka kuku zinaruka, halafu anaikata na mwiko ndani ya sufuria, sehemu tano, kila mtu anachimba upande yake. Mtoto wake alikuwa na kijiko kama koleo. Ukigeuka kufukuza nzi, unapata mpaka ya shamba lako imesongezwa.

Basi huyo mtoto akashikwa na homa. Wiki haikuisha, tukamzika.

Mama yake akazima moto. Wanawake walimpelekea chakula, sahani zikawa zinarudi vile zilienda. Alikonda mpaka kivuli yake ikawa mnono kumliko. Shosho, nyanya yangu, akasema, "Huyu naye tutamzika." Akatuita sisi wanne, akatubebesha ndizi mbichi. "Msimwambie pole, amechoka na pole. Mwambieni mko na njaa."

Tukasimama kwa mlango ya jikoni, tukisukumana nani aseme. Mwishowe dada yangu, mmoja wa sisi wanne, akasema, "Mama, tuko na njaa." Alituangalia muda mrefu, hata mahindi ingeota. Halafu akawasha moto, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi.

Ikaiva, akaponda polepole. Akashika mwiko, akakata vile mkono ilikuwa imezoea: tano. Ndio akaona tuko wanne. Mwiko ikabaki hewani. Hata moshi ilisimama kungojea. Mimi nikajua huyu akizima moto sasa, hatawasha tena maisha yake yote.

Kulikuwa na mnono wetu mmoja, chakula ikiwa mbele yake hajui kunyamaza. Akanong'ona, "Mama, na hiyo yake? Yeye saa hii angekuwa ashamaliza yangu."

Mama akamwangalia. Kicheko ikamtoka na pua kwanza, halafu na mdomo, halafu machozi ikafuata, zote pamoja, mpaka akakaa chini kwa kigoda. Akavuta sufuria, akachukua kijiko, akakula hiyo ya tano yote. Alipomaliza, akajipangusa, akaingia kwa sehemu ya mnono.

"Mama!"

"Nyamaza ukule haraka," akasema.

Alizeeka vizuri yule mama, na hakuacha kukata tano. Siku hizi kila mtoto ana sahani yake na geti zinafungwa mapema. Hiyo jikoni ilibomolewa, pakawekwa duka ya mbolea. Nikipita huwa nasimama hapo mbele, mwenye duka ananiuliza nataka mifuko ngapi. Namwambia sitaki kitu, naangalia tu mahali tulikuwa tunashiba.