Sauti ya Marehemu Mama Yangu Imo Kwenye Wimbo Unaovuma, na Mume Wangu Ananificha Kitu

Admin, pole na kazi. Naomba unifichie jina, na shule anayofundisha mume wangu usiitaje, maana Tabora wote tunajuana na wanafunzi wake wamo humu kwenye ukurasa wako.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, ni fundi cherehani hapa mjini. Mume wangu ni mwalimu wa hisabati. Kwetu ni Usoke. Mama yangu mzazi alifariki mimi sijafikisha hata mwaka mmoja, sura yake naijua kwa picha moja tu iliyofifia. Kitu changu cha mama ni kaseti. Baba aliuza tumbaku akanunua redio kaseti, akaijaribu kwa kumrekodi mama akibangua karanga huku anaimba wimbo wa Kinyamwezi. Katikati ya wimbo mtoto analia, mama anacheka kidogo, halafu anaendelea kuimba. Huyo mtoto ni mimi. Baba alinikabidhi kaseti hiyo siku naolewa, nikaiweka kwenye sanduku la bati chini ya vitenge.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa nashona sare za shule, redio iko wazi. Ukapigwa wimbo mpya, huu ambao kila bodaboda anaupiga. Kabla msanii hajafungua mdomo ikatoka sauti ya mwanamke, imekatwakatwa, inajirudia juu ya ngoma. Mguu wangu uliganda kwenye cherehani. Halafu mtoto akalia. Kile kilio wamekirudia mara nne nne, watu wanakichezea.

Niliacha kazi nikakimbia nyumbani. Kaseti ilikuwepo. Lakini utepe ulikuwa umerudishwa mwanzo kabisa, na mimi niliuacha katikati siku redio yetu ya kaseti ilipoharibika, miaka mingi imepita. Sanduku lile tunalifungua watu wawili tu.

Jioni nikamuuliza mume wangu. Hakuinua hata macho kwenye madaftari anayosahihisha. "Mama Neema, sauti za kina mama wa zamani zinafanana."

"Na kicheko je? Na mtoto?"

"Watoto wote wanalia hivyohivyo."

Ndugu zangu, hapa lazima niwaeleze tabia yake moja. Ukisema mbele yake kwamba miaka ya tisini ilianza mwaka tisini, umemchokoza. Atasimamisha maongezi yote. "Hakuna mwaka sifuri. Kuhesabu kunaanzia moja, kwa hiyo tisini ni mwaka wa mwisho wa themanini. Huwezi kufungua kreti mpya kabla soda ya mwisho haijatoka." Hilo la kreti na soda ni lake, sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Aliwahi kubishana na mjomba wangu harusini mpaka pilau ikapoa, mjomba anasema mwaka wenye tisini ni wa tisini, basi. Na kwenye kasha la kaseti ya mama, baba aliandika kwa kalamu: 1990.

Wiki iliyofuata prodyuza wa ule wimbo akahojiwa redioni. Mtangazaji akamuuliza, "Hiki kipande cha zamani mlichosampo, yaani mlichokichukua mkakichanganya humu, ni cha miaka ya tisini?" Yule akacheka. "Hapana kaka, kilirekodiwa mwaka tisini, na tisini ni mwaka wa mwisho wa themanini. Huwezi kufungua kreti mpya kabla soda ya mwisho haijatoka." Akaulizwa mwimbaji ni nani. Akasema, "Ni mama mmoja wa zamani, hajulikani."

Nilizima redio nikakaa chini sakafuni.

Nilipombana mume wangu, kwanza alisema aliipeleka kaseti studio waihamishie kwenye flashi ili anishtukize siku yangu ya kuzaliwa, flashi ikapotea. Siku yangu ya kuzaliwa ilishapita miezi mitano nyuma. Kesho yake akabadilisha, akasema prodyuza alikuwa mwanafunzi wake, na kijana ndiye aliyeomba aisikilize tu. Nikamuuliza amepewa nini. Akachukua madaftari yake akatoka. Tangu hapo simu yake analala nayo chini ya mto.

Jumapili tukaenda Usoke kumsalimia baba. Hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, akaanza kulia. Alishausikia wimbo kwa majirani. "Mwanangu, nimemjua mama yako kabla hajamaliza neno la kwanza. Miaka yote hii, leo anaimba barabarani." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, sijawahi kumwona hivyo. Kisha akafuta macho akaniuliza, "Walikuja kukuomba ruhusa?"

Sijafungua mdomo, mume wangu akadakia. "Walikuja, baba. Binti yako alikubali mwenyewe."

Baba akanishika mkono. "Umefanya vizuri mama. Wangeiba tu, ningeumia sana."

Nilinyamaza. Nilishindwa kumvunja moyo mzee wa watu.

Tuliporudi nyumbani mume wangu akatoa karatasi kwenye mkoba wake, imeshachapwa, jina langu kamili, kwamba nimeruhusu sauti itumike. Tarehe yake ni ya kabla wimbo haujatoka. Imebaki sahihi yangu tu. "Saini yaishe, kwani baba si ameshafurahi?" Kumbe karatasi ilikuwa mkobani tangu tunaondoka. Kumbe alikwenda Usoke akijua atasema nini.

Nikisaini, nimejitia kwenye uongo wao na mama yangu anabaki mtu asiyejulikana. Nikienda ofisi ya hakimiliki, wimbo unaweza kutolewa hewani, na baba atajua kwamba sauti ya mkewe iliibwa na mkwe anayempenda, mimi nikiwa nimekaa pale kimya. Na huyu mwanaume nalala naye kitanda kimoja, sijui ni lipi jingine analonificha. Karatasi iko mezani, ananiuliza kila siku.

Mlio na busara, na hasa mliowahi kudanganywa na mtu wa ndani, nishaurini. Nifanye nini?