Chakula cha Nyumbani kwa Baba Mkubwa

Nilikwenda Usenge kwa ajili ya mlo mmoja, na tangu nizaliwe sijawahi kuogopa chakula namna ile. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alinipigia simu akasema zamu ya kulisha ushirika wa kanisa lao imefika kwake. Kule waumini hukutana mara moja kwa mwezi nyumbani kwa mmoja wao, huomba na kula pamoja. "Kuja ukule na sisi, nyathina," alisema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo.

Shida ni hii. Zamani baba yangu aligombana na kaka yake juu ya mpaka wa shamba, na kwa hasira akaapa mbele ya wazee kwamba yeye na watoto wake wakila katika nyumba ile, wafe. Kwetu kiapo cha namna hiyo hakizikwi pamoja na aliyekiapa. Anayekivunja kabla wazee hawajamtakasa kwa dawa ya mitishamba hupatwa na chira, laana inayomkausha mtu, na mara nyingi huanzia kwa mtoto. Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili hapa Kisumu, najua vizuri ninachopaswa kuamini. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi sita, na mbili za kabla yake zilikuwa zimetoka. Ni rahisi kuwa shujaa wa imani kama tumbo si lako.

Asubuhi ya Jumapili, Mama alinifunga kitambaa kichwani kama naenda shule. "Enda umsalimie. Omba na yeye," alisema. "Lakini chakula usiguse, Akinyi. Sema daktari amekukataza."

Nilipewa lifti na jirani yetu anayenunua omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Tulipofika Kisian tukaacha barabara kuu, na kabla ya Ndori nikamwomba asimame nitapike. Alidhani ni mimba. Nikamwacha adhani hivyo.

Bondo nilinunua mikate na sukari, maana mgeni haendi mikono mitupu. Nikiwa pale dukani nikaanza kujiuliza kama mkate wangu mwenyewe, nikiula chini ya paa lake, nao unahesabika. Ndivyo hofu inavyomfanya mtu mzima.

Usenge tulifika jua likiwa kali, omena zimeanikwa kwenye nyavu hadi karibu na barabara. Baba mkubwa alikuwa langoni. Amezeeka sana, masikini. Alipokea mikate kwa mikono miwili.

"Umekuja kweli?"

"Nimekuja, Baba."

Hakutazama tumbo langu hata mara moja. Niliona anakwepa makusudi.

Ndani tulikuwa watu kama kumi. Pasta aliomba, maji ya kunawa yakazungushwa, ugali ukawekwa katikati kwenye sinia pamoja na samaki wa mchuzi. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ili wageni wajue chakula ni salama. Baba mkubwa akamega tonge, akachovya, mkono ukasimama njiani. Mchuzi ukadondoka mkekani.

"Mzee, tunakungoja," Pasta alisema.

"Pasta, huyu mtoto akikula hapa kisha kitu impate, nitaambia Mungu nini? Si mimi ndio nilimuita?" Machozi yakamtoka.

Uongo wa daktari niliuacha. Nikasema tu, "Baba, hata mimi naogopa."

Pasta alianza kueleza habari za uhuru wetu katika Kristo. Aliyosema yalikuwa kweli tupu na hakuna aliyemsikiliza.

Aliyeinuka ni jirani aitwaye Mama Dorka, muuza samaki, mtoto wake wa mwisho amempakata. Alilichukua lile tonge mkononi mwa Baba mkubwa.

"Hii kiapo inatafuta watu wa hii boma peke yake," alisema. "Sisi haitujui. Sasa itatujua. Kama ni kitu, itafute sisi wote. Itachoka."

Akaligawa tonge vipande vidogo, akazunguka. Watu wale si watu wa kucheka mambo haya. Wanaiogopa chira kama ninavyoiogopa mimi. Mzee mmoja alitazama mlango kwa muda mrefu. Kisha akafungua kiganja, na wengine nao wakafungua. Mama Dorka akala wa kwanza, na kabla sijamzuia akamtia mwanawe kipande kinywani. Baba mkubwa akala. Nami nikala, nikiwa nimefumba macho.

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Mtoto hakucheza tumboni njia nzima, nami nilikaa nimelishika tumbo kwa mikono miwili nikiwa nimeloa jasho. Tulipopita Kisian mtoto akageuka, nikalia mpaka jirani yetu akazima redio.

Bado naogopa, sitadanganya. Imebaki miezi mitatu. Nilikuwa nafundisha watoto kwamba kula pamoja ni kugawana baraka. Usenge nimeona watu wakigawana hatari yangu, na sasa sijui kama baraka ni kitu kingine.

Nyumbani Mama alinisoma usoni. "Umekula."

"Nimekula, Mama. Wote wamekula. Mama Dorka ndiye alianza, na akalisha mtoto wake."

"Mtoto wake?" Mama alikaa chini. "Ni nani alimlazimisha?"

"Hakuna."

Akaniwekea mkono tumboni akaanza kuomba. Alinitaja mimi na mtoto wa tumboni, kisha akakatiza.

"Huyo mtoto wa Mama Dorka," alisema, "anaitwa nani?"