Majani ya Viazi kwa Mbuzi wa Daktari

Mama yangu mdogo, Modesta, hakuogopa fahali, nyoka wala mume wake. Aliogopa neno moja tu: kupunguzwa. Miaka ile ya tisini mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, na mumewe, Luhende, alikuwa ameshapunguzwa kwenye kiwanda cha nguo mjini. Alishinda nyumbani Usagara akitengeneza redio ambazo hazikuwa zimeharibika. Nyumba nzima, pamoja na mimi niliyekuwa nalelewa pale, ilikula kwa jasho la mama mdogo, mtunza mbuzi kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mifugo, mbele kidogo ya njia panda.

Mbuzi wale walikuwa wa Daktari Luhaga. Vijiji vya jirani vilisumbuliwa na kizunguzungu: mbuzi anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka palepale mpaka anaanguka. Daktari alijua kwamba ndani ya ubongo mna mfuko wa maji wenye minyoo michanga. Alichotaka kujua ni jinsi mfuko ule unavyozinyima damu sehemu za ubongo zilizo karibu nao. Mbuzi alilazwa usingizi kwa dawa, kisha kwa mrija akatiwa moyoni shanga za rangi, ndogo kuliko vumbi la unga. Damu ilizibeba mpaka zikanasa kwenye mishipa myembamba kabisa. Mbuzi aliuawa mumo humo usingizini, ubongo ukakatwa vipande, na shanga za kila kipande zikahesabiwa. Penye shanga nyingi ndipo palipofika damu nyingi. Kazi ya akili, sikatai. Ila mimi nilikuwa upande wa mbuzi.

Amri ilikuwa moja: mbuzi wa kupimwa afungiwe tangu siku iliyotangulia, asile wala asinywe. Kwa nini, Daktari hakusema. Hakuwa mkali, lakini aliongea na wafanyakazi kama mtu anayesoma tangazo.

Sasa, mama mdogo alilelewa na babu Ndalahwa, mfugaji, na kwa babu mnyama hapelekwi kufa akiwa na njaa. Hata kuku wa kumchinjia mgeni alirushiwa punje kwanza. Wale mbuzi wagonjwa mama mdogo aliwavumilia, maana wengi hawakuwa na hamu ya kula. Wa mwisho ndiye aliyemshinda. Alikuwa jike mweupe, mzima, wa kulinganisha na wagonjwa, na mama mdogo ndiye aliyemnywesha maziwa kwa chupa tangu mama yake alipokufa. Alipofungiwa bila chakula, mbuzi huyo alimlilia siku nzima. Asubuhi ya kipimo akampitishia majani ya viazi kwenye upenyo wa mbao.

Mezani, dawa ilipomkolea, majani yakapanda kutoka tumboni yakaingia mapafuni. Mbuzi akafa kabla shanga hata moja haijafika moyoni. Daktari alipokuta majani mabichi kooni, akauliza nani aliachiwa banda. Ufunguo ulikuwa kwa mlinzi, Mzee Shimba.

"Banda ni langu, Daktari," mzee akasema. "Lawama ni yangu."

Mama mdogo alikuwa amesimama palepale na ndoo mkononi. Akatoka nayo kwenda kuosha banda. Jioni ile Mzee Shimba alivua koti la kazi akaondoka.

Wiki ile mama mdogo alikuwa anaunguza hata mboga. Nilimwambia wazi kwamba mzee wa watu amefukuzwa kwa ajili yake.

"Na nyinyi mtakula nini?" akanijibu.



Jumapili akaenda Kigongo, akavuka kwa kivuko mpaka Busisi, akamkuta mzee uani kwake akisokota kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

"Mzee, yale majani nilipeleka mimi."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mbuzi alikuwa analia njaa. Hata mimi nilikuwa nimetoka kutafuta majani, nikakuta umenitangulia."

Mama mdogo alilia njia nzima ya kurudi, mbele za watu, bila haya. Jumatatu akaingia kwa Daktari akasema yote.

"Mama, si alikuwa wa kufa tu?" Daktari aliuliza kwa sauti ya uchovu. "Tulimnyima chakula ili afe usingizini, asipaliwe."

"Ungeniambia hivyo, Daktari, ningemlilia tu."

Daktari aliinamisha kichwa, lakini hakubadili amri yake. Mama mdogo akapunguzwa, Mzee Shimba akarudishwa. Mbuzi mwingine mzima akanunuliwa mnadani, na mzee akapewa kazi ya kukaa mlangoni mwa banda, asipite mtu na hata jani moja.

Kipimo kilipokwisha, mzee alipitia kwetu. Luhende akazima redio. Mama mdogo akaweka ugali na dagaa.

"Alilia?" akauliza.

"Mpaka wanakuja kumchukua. Nilimweleza sababu, kama Daktari alivyonieleza. Akaendelea kulia."

Mzee Shimba akanawa, akamega tonge, akalishika muda mrefu. Kisha akalirudisha sahanini, na hata maji hakunywa.