Mikono ya Mkaguzi

Jua bado halijaufikia ua wa nyuma, na mabeseni matatu yameshapangwa chini ya kamba: la kufulia, la kusuuzia, na la nguo nyeupe peke yake. Dobi amekunja sketi, anasugua kola ya shati la mteja ambaye, kwa ushahidi wa kola hiyo, hajaambiwa kwamba shingo nayo huoshwa.

Pembeni amesimama binti yake wa miaka minne. Majirani wote katika nyumba hii ya vyumba vya kupanga wanamwita Mkaguzi. Anatazama povu. Mikono ameifunga mgongoni.

"Mwone," anasema dobi bila kuinua kichwa. "Zamani huyu angekuwa ndani ya beseni, yeye na viatu vyake. Sasa anasimama kama mlinzi wa geti. Wameniharibia mtoto, halafu wananiambia wamemlea!"

Jina la Mkaguzi alilitolea jasho. Kila jioni mama yake alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti na kuutuma kwenye kundi la simu la akina mama wa nyumba hiyo. Aliuita taarifa ya habari.

"Hamjambo wasikilizaji. Leo Mkaguzi amegundua kwamba shuka likianikwa lina kivuli, na upepo ukivuma, kivuli kinacheza."

Kesho yake, kwamba mtu akijitazama ndani ya kijiko, kinamgeuza kichwa chini miguu juu. Siku nyingine, soksi nyekundu ikitumbukia kwenye beseni la nguo nyeupe, shati la mteja linatoka la waridi.

"Hapo nilitaka kulia," anakumbuka dobi. "Lakini nikarekodi kwanza. Habari ni habari."

Jirani yake, muuza mkaa, alikuwa halali bila taarifa hiyo. "Mume wangu akirudi kutoka kazini haongei, na redio yetu imekufa. Nilibaki na Mkaguzi tu."

Kisha Mkaguzi akapelekwa chekechea, ile ya mwisho wa mtaa yenye vipepeo waliochorwa ukutani. Ndiyo, vipepeo. Hapo ukutani ndipo mahali pekee shuleni hapo panaporuhusiwa kitu kuruka.

Siku moja alichovya karatasi nyekundu ya mapambo kwenye kikombe chake cha maji. Maji yakawa mekundu. Akapanda juu ya kiti kuwatangazia wenzake. Kwa uhalifu huo mzito, mwalimu akamkalisha mbele ya darasa, mikono nyuma, mpaka muda wa kwenda nyumbani. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa pia.

Mama hakuambiwa. Alijua siku alipomwita binti yake aje kuona povu la sabuni mpya, na mtoto akasimama mbali, akauliza:

"Mama, naruhusiwa kugusa?" Alipodadisiwa, akasimulia yote ya darasani.

"Nyumbani kwake!" Dobi analikamua shati kana kwamba mwenye makosa yumo ndani. "Beseni la mama yake! Siku hiyo taarifa haikutoka. Ningesema nini? Hamjambo wasikilizaji, leo Mkaguzi amegundua woga?"

Asubuhi iliyofuata aliingia chekechea na binti yake, aproni ikichuruzika maji.

"Mama, sisi hapa tunafundisha nidhamu," mwalimu alimwambia.

"Mwalimu, mimi nakula kwa mikono hii. Wewe unamfundisha mwanangu kuificha?"

"Watoto ni thelathini, mama, na mimi niko peke yangu. Kila mmoja akichovya karatasi, nitafundisha saa ngapi?"

"Si hapo hapo ndipo ungeanzia!"

"Kama hupendi taratibu zetu, mlango uko wazi."

"Ahsante. Ndicho kitu pekee kilicho wazi humu."

Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Ada, iliyotokana na kufua mashuka ya nyumba ya wageni muhula mzima, haikurudi. Mwenye chekechea, aliyempa mwalimu mmoja watoto thelathini, alipoulizwa alijibu kwamba watoto wanahitaji "kutulizwa." Kutulizwa! Kama vile utoto ni homa.

Sasa dobi, muuza mkaa na mama mwingine mmoja wanapanga kupokezana zamu za asubuhi. Wanataka kusafisha kona ya ua iliyojaa mabati mabovu, waweke meza fupi, maji na mchanga kwa ajili ya watoto wao. Mwenye nyumba hajakubali.

"Atakubali tu," anasema dobi. "Mashati yake nafua mimi, na akibisha yatatoka ya waridi."

Nyuma yake, Mkaguzi amesogea. Mkono mmoja umechomoka mgongoni, umeganda hewani. Anamtazama mama. Mama analisukuma beseni kwa mguu, taratibu, mpaka karibu na vidole vile.

Kidole kinagusa povu. Povu linapasuka.

"Mama! Limekwenda wapi?"

Mkono wa pili bado uko mgongoni. Lakini dobi ameshajifuta maji kwenye sketi, na anapapasa akitafuta simu.

"Hamjambo wasikilizaji," anaanza, kisha anaisogeza simu karibu na Mkaguzi, anaanza upya.